Amir Jamal na Swali la Kiti

Mara kwa mara historia ya siasa ya Wahindi katika Tanganyika huelezwa kama habari ya maduka na mali tu. Lakini palikuwapo swali kubwa zaidi: Je, mtu huwakilisha rangi yake, au huwakilisha wale waliomwamini? Jibu lake laweza kutafutwa katika Jimbo la Ziwa na katika maisha ya Amir Habib Jamal.

Jamal alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Mwanza, makao makuu ya jimbo hilo. Huko ndiko palipotoka pamba ya Usukuma, dhahabu ya Geita, na almasi ya Mwadui, karibu na Shinyanga, iliyovumbuliwa mwaka 1940. Utajiri ulikuwa wa nchi moja, lakini watu walipangwa kwa daraja: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Jamal alisomea uchumi Calcutta, kisha akarejea nyumbani.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilitaka kuwapa watu wa Geita baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote. Kwa nje jambo hilo lilikuwa na sura ya haki. Wenyeji waliona vingine, kwani viti vilitolewa kwa rangi pasipo wao kuulizwa. Walikataa, wakaenda Mwanza kwa wingi kulalamika, wakatawanywa kwa moshi wa machozi.

Mwaka huo huo ulifanyika uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Katika mkutano wa Tabora, TANU ilikubali sharti hilo chungu, kisha ikawaunga mkono Waasia na Wazungu walioafiki siasa yake. Jamal akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa njia hiyo, na mwaka 1959 akawa waziri. Mwaka 1965, viti vya rangi vilipokuwa vimekwisha kufutwa, wananchi wa Morogoro walimchagua kuwa mbunge wao.

Mtihani mzito ulikuja mwaka 1971. Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na wengi wa wenye majumba hayo walikuwa Waasia. Waziri wa Fedha alikuwa Jamal mwenyewe. Hakujiuzulu. Alishika tena wizara hiyo kuanzia 1975 hadi 1977, na mara nyingine tangu 1979, wakati hazina ilipokuwa katika dhiki. Alifariki Vancouver mwaka 1995.

Watu wa Geita walikataa kiti cha rangi. Watu wa Morogoro walimpa Mhindi kiti cha amana. Mambo haya mawili hayapingani. Lakini amana ina gharama yake: aliyepewa na wote hawezi kuwa wakili wa jamaa zake peke yao, hata siku wanapolia.