Gobori na Mauser katika Uhehe: Ulinganisho wa Silaha za Mwindaji
Mjadala kuhusu bunduki za Wahehe huanzia Lugalo, mashariki mwa Kihesa na mji wa Iringa. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mtwa Mkwawa lililishinda jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300. Ushindi wenyewe, inafaa kukumbuka, ulipatikana zaidi kwa mkuki.

Mauser zilizotekwa zilipakiwa risasi nyuma ya mtutu na zilipiga mbali kwa shabaha. Gobori lilishindiliwa mdomoni kwa mdeki: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha risasi. Mwindaji wake alilazimika kumnyemelea pofu hadi karibu. Akikosa, mnyama alitoweka kabla bunduki haijashindiliwa upya. Mvua nayo ilimharibia baruti.

Hata hivyo, kigezo cha masafa pekee kinapotosha. Mauser ilitegemea risasi za kiwandani zenye ganda. Zikiisha, ilibaki chuma na ubao. Gobori lilikubali baruti ya kawaida na hata kipande cha chuma. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliikuza tofauti hiyo, kwani ulizuia bunduki za kisasa lakini uliruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na mifuo mtutuni pamoja na baruti ya biashara. Hivyo hesabu ya bunduki zilizotekwa Lugalo haitoshi kupima nguvu ya Kalenga, iliyoanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Swali lenye uzito zaidi ni idadi ya risasi zilizosalia. Mwindaji wa kijijini alilijua swali hilo, naye aliendelea kushindilia gobori lake muda mrefu baada ya utawala wa Wajerumani kwisha.