Taa Iliyozimika Chini ya Kasri

Mapema Juni 1764, Horace Walpole, mbunge wa Uingereza, aliota yumo ndani ya kasri la kale. Juu kabisa ya ngazi kuu aliona mkono mkubwa mno, umevikwa deraya. Jioni yake akashika kalamu, asijue hadithi itamfikisha wapi. Haikutimia miezi miwili riwaya ikawa imekwisha.

The Castle of Otranto ilitoka mkesha wa Krismasi bila jina lake. Alisingizia kuwa ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano. Ilipopendwa, katika toleo la pili la 1765 alijitokeza na kuiita hadithi ya Kigothi. Jina hilo likawashika wote waliomfuata.

Wengi huikumbuka kwa kofia kubwa ya chuma iliyomponda kijana Conrad siku ya harusi yake. Kwangu mimi kofia ile inashangaza kuliko inavyotisha. Hofu yenyewe inaingia pale Manfred, baba mtu, anapotaka kumwoa Isabella, mchumba wa mwanawe, siku ile ile ya msiba. Binti anakimbilia njia za chini ya kasri, peke yake, taa mkononi. Mara upepo unavuma, taa inazimika. Giza lile linatuelemea kwa sababu tunamjua mwanamume aliyeachwa huko juu na anachokitaka. Mwondoe Manfred, utabaki na handaki lenye baridi, basi.

Ann Radcliffe alilielewa jambo hili kuliko Walpole mwenyewe. Katika The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794, Emily, binti yatima, anapelekwa milimani Italia, kwenye ngome ya Montoni, mume wa shangazi yake. Montoni ni mtu wa maneno machache, na kila anachoulizwa hakijibu. Wasomaji husimuliana zaidi kuhusu pazia jeusi ambalo Emily analifunua akazimia. Mimi hurudi kwenye chumba anacholala. Kina mlango wa pili unaoelekea ngazi asizozijua, na makomeo yake yako upande wa nje. Emily anauegemeza kiti kizito, anajilaza. Kunapokucha anaujaribu mlango. Haufunguki: usiku kuna mtu alipanda ngazi zile, akaukomea.