Vifuniko vya Rumanyika: historia fupi ya sebule ya Kaisho

Desemba iliyopita nilikwenda Kaisho kuiona nyumba mpya ya mdogo wangu. Ni nyumba nzuri, nami nalisema hilo bila kijicho: paa la rangi ya damu ya mzee, marumaru sakafuni, dari yenye taa zilizofichwa, makochi ya kijivu yaliyosafirishwa kutoka Mwanza na bado yamevishwa nailoni zake. Alinitembeza chumba kwa chumba. Tulipofika stoo nikaviona, chini ya majembe na pampu ya kunyunyizia dawa, vikapu saba vya mama yetu, vile vyenye vifuniko vya ncha. Nikauliza vimefikaje huko. Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa kuulizwa: "Kaka, sebule hii haina mahali pa vitu vya umaskini."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakusema neno.

Nami sikusema, kwa sababu ambayo wasomaji wangu hawaijui. Mwaka 2009, nilipopokea mshahara wangu wa kwanza wa uhadhiri, nilimnunulia mama makochi na mapazia mapya, kisha nikamtaka aviondoe vitambaa vyake vyote vya kufuma, kwa kuwa vilikuwa vinaharibu mandhari. Aliviondoa siku ileile. Nilidhani nimemfanyia hisani. Tangu hapo nimefundisha madarasa mengi kuhusu utegemezi na ukoloni mamboleo, wala sikuikumbuka sebule ile hata mara moja. Makala hii, basi, ni sehemu ya kulipa deni. Na kwa kuwa kazi yangu ni historia, nitalilipa kwa sarafu hiyo.

Wanafunzi wangu hupenda kuamini kwamba tamaa ya vitu vya nje iliingia Kagera pamoja na meli za Wajerumani. Haikuwa hivyo. Kaisho leo iko Wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe, na Karagwe ilikuwa ufalme uliokuwa na ikulu Bweranyange. John Speke alifika huko Novemba 1861 akiutafuta mto Nile, akapokewa na Mfalme Rumanyika. Wanaomtaja Speke leo hukumbuka zaidi simulizi zake za wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, ambao aliwapima kwa kamba kama fundi cherehani asiye na adabu. Simulizi inayonivutia mimi ni ya mgeni aliyekuja baadaye, Henry Stanley, aliyepita mapema mwaka 1876 na kuonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme huyohuyo.

Ilikuwa nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi. Ndani yake Stanley aliona sanamu za bata za shaba ya manjano zenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu za ng'ombe wasio na vichwa, mikuki na vyuma vilivyofuliwa kwa ustadi. Kazi zilizompendeza kuliko zote zilikuwa za nyasi zilizosukwa, pamoja na vikombe, mabakuli na vyombo vya maziwa vya mbao vilivyosuguliwa vikang'aa. Na ukutani, katika safu moja na hazina hizo? Masinia makubwa ya shaba waliyoyaleta Waarabu, bunduki ambayo Speke alimzawadia mfalme, na vifuniko vichache vya mabakuli ya supu, ambavyo Stanley alihisi vimetoka Birmingham.

Vifuniko tu. Mabakuli yenyewe hayatajwi.

Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara nimejiuliza mwandishi alitaka tucheke au la. Mzungu msomaji wa karne ya 19 bila shaka alicheka: mfalme wa Kiafrika ametundika mfuniko wa supu! Lakini mtazame Rumanyika kwa jicho lililotulia. Alipokea kitu kilichopoteza mwenzake na kazi yake, akakiona kinameremeta, akakipa nafasi kando ya vyuma vya mababu zake. Hakuwatoa ng'ombe wa shaba ili kuvipisha vifuniko, wala hakuvipeleka vikapu stoo. Alikuwa na uhakika na vyake kiasi cha kutokuogopa vya wengine. (Kuna kinaya kidogo hapa. Madini yaliyotengenezewa vifuniko vile kwa sehemu kubwa ni bati, na bati limo katika vilima vya Kyerwa. Wakoloni walikuja kulichimba katika karne iliyofuata. Rumanyika alikuwa akistaajabia ng'ambo kilichokuwa chini ya miguu ya watu wake.)

Neno lenyewe "mtumba" ni la zama hizo. Lilimaanisha robota, mzigo uliofungwa ambao mpagazi aliubeba kutoka pwani, na mara nyingi ndani yake mlikuwa na nguo: kaniki, na hasa marekani, kitambaa cha pamba kilichochukua jina la nchi kilikotoka na kuingia bara kupitia Unguja. Mwaka uleule Speke alipofika Karagwe, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, pamba ikaadimika, na wafanyabiashara wa Uingereza na India wakaijaza nafasi kwa vitambaa vyao. Wazee wetu walikuwa wakivaa ngozi na nguo za magome ya mtoma, zilizopondwa kwa nyundo za mbao mpaka zikalainika. Kwa jirani zetu wa Buganda ufundi huo haujafa, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Upande wetu wa mto, mimi binafsi sijapata kumwona mtu akilipiga gome hilo.

Vitambaa vya kufuma vilikuja na misheni. Mapadri Weupe walifungua kituo Kashozi mwaka 1892, Walutheri wa Betheli wakafuata Bukoba mwaka 1910, na nyuma ya mahubiri zikaja shule za wasichana, sindano ya kroshia na foronya za kutarizi. Sitalikuza jambo hili. Inatosha kusema kwamba mwanamke aliyezoea kusuka nyasi hakuhitaji kufundishwa hesabu ya mishono. Alikuwa nayo vidoleni. Ukitazama vitambaa vya mama yangu utaona pembetatu za vikapu vya bibi zimehamia kwenye uzi mweupe.

Sura inayotuuma zaidi ni ya karibu. Nilizaliwa baada tu ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, katika miaka ya maduka matupu. Sabuni ilikuwa habari njema. Kahawa ilivuka usiku kwenda Uganda, na usiku huohuo vikarudi vitambaa, sahani na betri za redio. Magendo yalikuwa ndiyo duka letu. Kisha ikaja mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Ninamheshimu Sokoine, na sidhani kwamba adui aliyemlenga alikuwa wa kubuni. Lakini kampeni ikishaondoka Dar es Salaam hufika kijijini ikiwa imebadilika sura. Baba alikuwa na kitambaa cha mapazia, jora zima, alichokinunua ng'ambo ya mto kwa fedha ya kahawa. Aliposikia kwamba watu wanapekuliwa, alikizika migombani usiku. Walipokifukua, mchwa walikuwa wameshakimaliza. Mama husimulia kisa hiki akicheka. Baba, hadi anafariki, hakucheka. Madirisha yetu yalibaki na magunia yaliyofumuliwa pindo, na nadhani hapo ndipo ilipozaliwa hasira ya kimya ambayo mimi na mdogo wangu tuliirithi na kuiita maendeleo.

Mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa; mwaka 1985 akaingia Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, na milango ikafunguka zaidi. Marobota yakafika. Wengine waliziita nguo hizo kafa Ulaya, kana kwamba kila shati lilikuwa na marehemu wake.

Na hapa nataka msomaji anifuate taratibu, kwa sababu ndipo mama yangu anapoingia katika historia. Uzi mpya ulikuwa ghali. Siku ya gulio mama hakununua sweta la mtumba ili avae mtu. Aliligeuza ndani nje na kulikagua mishono. Sweta lililofumwa vipande vizima likaunganishwa baadaye huachia uzi mrefu usiokatika. Lililokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine hutoa vipande visivyofaa chochote. Wauzaji walimfahamu na wakamchoka. Nyumbani alilifumua, nasi watoto tukinyoosha mikono kama vigingi ili auzungushie uzi, kisha akauosha, akaufungia jiwe ili unyooke, akaufuma kuwa kitambaa cha meza au cha mgongo wa kochi. Mifuko ya mbolea nayo aliifumua nyuzi, akazisuka pamoja na nyasi, ndiyo maana vikapu vyake vina mistari ya buluu isiyochuja. Wakimbizi wa Rwanda waliojaa Karagwe mwaka 1994 walipoondoka mwishoni mwa 1996, maturubai yaliyobaki yalipata kazi katika nyumba nyingi; kwetu turubai lilikuwa dari, na mama akalizungushia pindo la kroshia. Dari yenye pindo! Nilipokuwa sekondari niliona aibu kuwaleta wenzangu.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kwamba nguo na viatu vya mitumba viondolewe sokoni ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo kuukuu wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kutuondoa katika mpango wa AGOA. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Wakati ule niliandika kwa hamaki nikiunga mkono marufuku, na bado naamini kwamba nchi isiyojishonea nguo ina tatizo. Urafiki, Mwatex na Mutex havikuwa ndoto. Vilikuwa viwanda vyenye wafanyakazi. Lakini katika maandishi yangu yote yale hapakuwa na mwanamke hata mmoja anayefumua sweta. Nilimgawa Mtanzania mara mbili, mzalishaji na mnunuzi wa takataka za watu, na mama yangu hakuwa na mahali pa kusimama.

Hili nawaambia pia watumishi wa umma wanaonisoma. Katika fomu zetu mwanamke wa aina hii huandikwa "mkulima" au "mama wa nyumbani". Ufundi wake hauhesabiki, haukopesheki, na vikao vya halmashauri hufanyikia katika kumbi zilizopambwa kwa maua ya plastiki. Siombi semina nyingine ya ujasiriamali yenye posho. Naomba afisa mmoja aulize ni wangapi waliobaki wanaojua kuanzisha kitako cha kikapu, na wana umri gani. Katika ukoo wetu ni mama peke yake, na jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Dada zangu wote wawili wamesoma, hakuna anayejua.

Siku ya mwisho shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alivitoa vikapu viwili stoo bila kuomba ruhusa, akavipangusa na kuviweka juu ya kabati la televisheni. Mdogo wangu aliviona, akaendelea kutazama mpira. Vitano bado vipo kwenye majembe. Sikujaliwa ushindi mkubwa zaidi ya huo.

Jioni ile nilimsimulia mama habari ya Rumanyika na vifuniko vyake. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Na mabakuli yake yalikwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia haikuandikwa.

"Basi Mzungu alimpunja," akasema, akacheka. Kisha akaniagiza nikirudi nimletee sweta mbili za sufu, rangi ya maziwa, na nizigeuze ndani nje kwanza kabla ya kulipa.