Nakili, Hamisha na Ule Upau Unaojaa

Mama mmoja kutoka Isinya aliingia kwenye saiba niliyokuwa nikihudumu hapa Kitengela, akanikabidhi kadi ya simu na flashi mpya. "Kijana wangu, nihamishie picha za harusi ya binti yangu ziingie humu." Nikazichagua zote, nikazikata, nikazibandika kwenye flashi. Kesho yake alirudi macho yamemwiva. Alikuwa amerudisha kadi simuni ili awaonyeshe majirani, akakuta hakuna hata picha moja. "Umenifutia harusi," aliniambia. Nikachomeka flashi, nikamfungulia picha moja baada ya nyingine mpaka akatulia. Tangu siku hiyo sijaichukulia kwa wepesi tofauti ya maneno haya mawili: nakili na hamisha.

Hamisha ni neno ambalo mtu wa huku Kajiado hahitaji kamusi kulielewa. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hupita kando ya barabara ya Namanga wakifuata malisho, na boma walikotoka hubaki tupu. Huko ndiko kuhama. Mama alilitumia neno kama wengi wetu tunavyolitumia, kwa maana ya kupeleka tu. Mimi nikalishika kwa maana yake kamili, na kadi yake ikabaki kama boma lililohamwa. Alichotaka ni kunakiliwa.

Nakili nalo lina safari yake. Limetoka Kiarabu, na huko mzizi wake una maana mbili: kubeba kitu kutoka pahali hadi pengine, na kuandika upya maandishi yaliyopo. Waswahili wa pwani waliishika ile ya pili. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa waandishi walionakili Kurani kwa mkono; mwandishi alipoweka kalamu chini, msahafu wa kwanza ulikuwapo na wa pili ulikuwapo. Nakala haiondoi asili. Ndiyo maana naliona nakili kuwa istilahi bora kuliko "kukopi" tunayoisema mitaani: inabeba ahadi kwamba cha kwanza hakitaguswa.

Lakini tazama kompyuta inavyofanya kazi, utaona ile maana ya kale ya Kiarabu ikirudi kwa mlango wa nyuma. Ukihamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile, hakuna kinachosogea. Kinachobadilika ni orodha inayosema faili iko wapi, na ndiyo sababu filamu nzima huhama kufumba na kufumbua. Ukihamisha kutoka diski hadi flashi, mambo ni tofauti kabisa: kompyuta hunakili kwanza, kisha hufuta asili. Kila kuhamisha kwa namna hiyo ni kunakili kulikofuatwa na kufuta. Stima ikipotea katikati, na hapa Kitengela hupotea, utakuta faili nyingine zimeshavuka, nyingine hazijaondoka, na moja imekatikia njiani, kama kundi la ng'ombe lililokatwa na lori barabarani.

Kwa hiyo zipo programu zilizoundwa kwa kazi hii tu. TeraCopy ya Windows ni mojawapo. Nyingine ni rsync, waliyoitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996. Programu za aina hii huweza kulinganisha nakala na asili kabla ya kukuambia kazi imekwisha. TeraCopy hukuonyesha pia faili iliyoshindikana, ili uirudie hiyo peke yake badala ya kuanza upya.

Na hapo ndipo tunapokutana na ule mstari unaojaa taratibu. Mwaka 1985 mtafiti Brad Myers alichapisha utafiti kuhusu viashiria vya asilimia ya kazi iliyokwisha, akaonyesha kwamba watumiaji huvipenda. Sisi tunauita upau wa maendeleo. Upau ni neno zuri sana. Ni ule mti mwembamba wa kuezekea. Kupaua nyumba ni kuifunga miti hiyo mmoja baada ya mwingine kabla ya makuti au mabati. Anayetazama paa linalopauliwa huona kwa macho yake kazi iliyobaki.

Neno linalonisumbua ni maendeleo. Najua daktari husema maendeleo ya mgonjwa, na mwalimu maendeleo ya mwanafunzi. Lakini kwa msomaji wa Kenya neno hili limejaa barabara, visima na ahadi za uchaguzi. Tena maendeleo hayaelezi tabia ya upau wenyewe. Filamu moja ya gigabaiti 2 hupita haraka kuliko maelfu ya picha zenye uzito uleule, kwa sababu kila faili ndogo hufunguliwa, huandikishwa na kufungwa kivyake. Ndiyo maana dakika 3 zilizobaki hugeuka 11, kisha 5. Kiswahili kina neno la hali hiyo: mwendo. Tunasema mwendo wa saa mbili tukimaanisha umbali, mwendo wa kasi tukimaanisha haraka, na mwendo hupungua, husimama, huongezeka. Neno moja linabeba kilichokwisha vukishwa na jinsi kinavyovuka. Mimi nasema upau wa mwendo, na naomba watunga istilahi waufikirie.

Nawe msomaji, ukiingia saiba na kadi yenye picha usizoweza kuzipiga tena, sema "ninakilie." Fungua chache hapohapo, uzione. Na upau ukijaa, usiing'oe flashi. Mwambie mhudumu aiondoe kwanza kwa utaratibu wa kompyuta, kwa kuwa huenda sehemu ya mwisho ya picha zako bado imo kwenye kumbukumbu ya mashine, haijaandikwa kwenye flashi.