Wamalaki

Wamalaki walikuwa wafuasi wa dhehebu la Kikristo lililozuka Buganda, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1914. Waasisi wake walikuwa Yoswa Kate, chifu wa saza (yaani jimbo) la Busiro mwenye cheo cha Mugema, na mwalimu Malaki Musajjakawa, ambaye jina lake ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Walibatiza bila mafundisho marefu na hawakuwafukuza wenye wake wengi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1920 waumini walikuwa makumi ya maelfu.

Mtoto aliyezaliwa katika nyumba za Wamalaki alikua bila dawa yoyote, iwe mitishamba au vidonge vya misheni. Akiugua aliombewa, na wazazi wake walikataa kumchanja. Msimamo huu ulikuwa na mantiki yake: Biblia inakataza uganga, na neno la Kiganda *omusawo* humtaja mganga wa jadi na daktari pia. Kiswahili nacho hakiko mbali, kwani mganga mkuu wa wilaya ni daktari. Kate aliona kwamba wamisionari walikemea hirizi huku wakigawa dawa, akawashika kwa maneno yao wenyewe.

Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyejiunga nao, alijitenga mwaka 1919 na kuanzisha jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya. Mwaka 1929 Wamalaki walipogomea chanjo ya tauni, serikali ya kikoloni iliwahamishia viongozi wao kaskazini mwa Uganda. Malaki alifia huko baada ya kugoma kula. Kate alifariki uhamishoni mwaka 1942.