Sindano Iliyotangulia Onyo Lake

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora kwa kuwa Unyanyembe, eneo la Tabora, ulikuwa na chakula, soko na wapagazi hodari. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa vya merikani na shanga vikapanda bara. Reli ya Wajerumani iliingia mjini mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikatoka mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Leo Bohari ya Dawa ina kanda yake Tabora, na miongoni mwa dawa zinazofika zahanati za vijijini zimo sindano za uzazi wa mpango. Bidhaa hazikuwahi kushindwa kupanda njia hii. Kinachochelewa ni habari ya madhara yake, na kwa anayetafuta fidia kuchelewa huko ndiko kunakoamua kila kitu.

Dunia ilikwisha kuliona hilo kwa kitanzi cha kuzuia mimba cha Dalkon Shield. Kampuni ya A.H. Robins ya Richmond, Virginia, ilianza kukiuza kwa wingi mwaka 1971. Uzi wake, nyuzi nyingi ndani ya ala moja, ulipandisha bakteria hadi kwenye mji wa mimba. Wanawake waliugua, wengine wakawa tasa, wengine wakafa. Juni 1974 kampuni ilisimamisha mauzo nchini Marekani, wakati ambapo vitanzi zaidi ya milioni moja vilikuwa vimekwisha kusambazwa nchi za nje, vingine kupitia shirika la misaada la USAID. Agosti 1985 Robins iliomba kinga ya mufilisi, na mahakama ikaweka 30 Aprili 1986 kuwa siku ya mwisho ya kudai. Madai yalizidi 300,000, na mfuko wa fidia ukawa na zaidi ya dola bilioni 2. Mwanamke wa Richmond alikuwa na wakili mtaani kwao. Aliyewekewa kitanzi katika nchi maskini, bila hata kutajiwa jina la kitanzi hicho, angedai kwa karatasi gani?

Sindano ya uzazi wa mpango ya Depo-Provera ilipita njia nyingine. Mwaka 1978 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuiidhinisha kwa uzazi wa mpango, na ikaikubali mwaka 1992 tu. Katikati ya miaka hiyo ilikuwa ikitumika katika nchi nyingi. Zimbabwe iliipiga marufuku mwaka 1981. Nchini Tanzania, kazi ya uzazi wa mpango iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na chama ambacho baadaye kilikuwa UMATI iliingizwa katika kliniki za serikali za mama na mtoto kuanzia mwaka 1974. Sindano ikapendwa, na kwa sababu nzuri: huchomwa kila miezi mitatu, na mwanamke anaweza kuitumia bila mtu nyumbani kujua. Imewaepusha wengi na mimba za kuwaua, na atakayeandika habari zake bila kusema hivyo hatakuwa ametenda haki.

Novemba 2004 FDA iliamuru onyo lake kali kabisa: dawa hupunguza uimara wa mifupa, isitumike zaidi ya miaka miwili ila njia nyingine zikishindikana. Machi 2024 watafiti wa Ufaransa waliandika katika jarida la BMJ kwamba walioitumia mwaka mzima au zaidi walikuwa na hatari mara 5.6 ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo. Uvimbe huo ni nadra, na mara nyingi si saratani, lakini unaweza kumpofusha mtu. Wanawake wa Marekani wakaishtaki Pfizer, kampuni inayoitengeneza, na Februari 2025 kesi za mahakama za shirikisho zikakusanywa Pensacola, Florida.

Mwanamke wa Tabora naye ana Mahakama Kuu mjini kwao. Lakini Sheria ya Ukomo ya Tanzania ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara ya namna hii, ilhali meninjioma hukua polepole kwa miaka. Mdai lazima aonyeshe alichomwa dawa ya nani, lini, mara ngapi, na ushahidi huo unaanzia kwenye kadi ya kliniki. Kwa hiyo muuguzi wa Urambo au Sikonge, mkoani Tabora, anapaswa kuandika humo jina la dawa, mtengenezaji na namba ya toleo, na mwanamke aruhusiwe kuitunza kadi hiyo hata baada ya kuacha sindano.