Sauti Bila Sura: Mwenda wa Bayeke na Televisheni Iliyochelewa

Historia ya waimbaji wapendwa wa katikati ya karne ya 20 imezoeleka kusimuliwa kupitia kioo cha televisheni. Marekani inaye Perry Como, aliyeingia sebuleni mwa watu kila wiki akiwa na sweta na tabasamu. Inaye pia Nat King Cole, ambaye kipindi chake katika NBC kilianza Novemba 1956 na kukoma mwishoni mwa mwaka uliofuata kwa kukosa mdhamini wa kitaifa. Kipimo hicho kikiletwa Lubumbashi, mji huo unaonekana hauna kitu. Jean Bosco Mwenda, mwimbaji aliyejulikana kuliko wote wa Katanga, jimbo la mji huo, alivuma kati ya 1952 na miaka ya mwanzo ya 1960, na televisheni ya taifa ya Kongo ilianza 1966. Kwa hesabu hiyo alizaliwa mapema mno. Makala haya yanadai kwamba hesabu yenyewe ndiyo yenye kasoro. Kazi ambazo kwingine zilifanywa na televisheni, yaani kumtambulisha mwimbaji, kumuuza na kumfanya mtu wa nyumbani, huku zilikwisha kufanywa na santuri, redio, tangazo la biashara na jukwaa la vichekesho. Televisheni ilipofika iligawa upya sifa zilizokuwa zimekwisha kupatikana, na ikazigawa kwa upendeleo.

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo wa watawala wa Bayeke. Msomaji wa Tanzania asiione Bunkeya kuwa ugenini: Msiri, mtawala wa Bayeke aliyejenga dola ya Garenganze na kuuawa Desemba 1891, alitoka katika misafara ya wafanyabiashara wa Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akipiga gita katika miji ya shaba alibeba jina la kifalme, naye hakulificha. Hugh Tracey, aliyezunguka nusu ya bara na mashine yake ya kunasia sauti, alikutana naye mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Santuri zilizofuata zilitolewa na Gallotone ya Johannesburg, na wimbo wa “Masanga” ukampeleka mbali kuliko miguu yake ilivyokwisha kufika.

Upigaji wake unastahili kuelezwa, maana hoja ya sura na sauti inaanzia hapo. Alitumia vidole viwili: gumba kwa nyuzi nene, cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Gumba hutembea kwa mwendo wake na shahada hujibu kwa mwendo mwingine, hata msikilizaji wa santuri angeweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. David Rycroft, aliyeuandika muziki huo kwa nota katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, alitumia kurasa nyingi kufuatilia jinsi Mwenda alivyoubadilisha wimbo uleule kila alipourudia. Muziki wa namna hii haukuhitaji kuonekana ili ustaajabishe. Nathubutu hata kusema kwamba kutoonekana kuliuongezea mvuto: siri ya vidole ilibaki ndani ya santuri, na vijana wa Nairobi na Kitwe wakaitafuta kwa kuweka sindano palepale tena na tena.

Redio nayo ilikuwa na mtaji wake. Mwaka 1949 kituo cha Lusaka kilisaidia kuzaliwa kwa redio ya betri iliyokuja kuitwa “Saucepan Special”, iliyouzwa kwa pauni tano ili mfanyakazi Mwafrika aweze kuinunua. Kituo hicho kilitangaza kwa Kibemba, lugha inayosikika pande zote mbili za mpaka wa shaba, na kilikuwa na mwimbaji wake mwenyewe, Alick Nkhata, aliyekuwa mtangazaji pia. Mfano wa Nkhata unatusaidia kumwona mwimbaji wa zama hizo kama mtu wa studio ya redio kwanza na wa ukumbi baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi, na huko waliimbia matangazo ya bidhaa. Wasomi wengi wanapita hapa haraka, kana kwamba tangazo ni aibu ya msanii. Mimi naona hapa ndipo pa kusimama. Nat King Cole alikuwa na kipindi, sauti na watazamaji, lakini makampuni ya Marekani yaliogopa kuunganisha bidhaa zao na uso mweusi, yasije yakawaudhi wanunuzi wazungu wa Kusini. Huko Nairobi, makampuni yaliwatafuta Wakatanga kwa makusudi, kwa sababu mnunuzi aliyelengwa alikuwa Mwafrika mwenye mshahara, anayeelewa Kiswahili, na anayeamini gita kuliko hotuba. Si kwamba ukoloni wa Kenya ulikuwa na huruma kuliko Marekani. Ulikuwa na soko lingine tu. Lakini matokeo yake ni kwamba mwimbaji kutoka Katanga alipata mdhamini ambaye nyota wa NBC alimkosa.

Masengo anatupeleka kwenye jukwaa. Alihusiana na Jecoke, yaani Jeunes Comiques de la Kenya. Kenya hiyo ni komini ya Lubumbashi, wala haihusiani na nchi ya Kenyatta. Kundi hilo lilichanganya nyimbo, ngoma, maigizo na mzaha wa mitaani. Mwaka 1956 mji huohuo ulitoa onyesho kubwa la “Changwe Yetu”, lililopelekwa hadi Maonyesho ya Dunia ya Brussels mwaka 1958. Wakati huo Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga, alikuwa akithibitisha kwamba kanisa na ngoma vinaweza kukaa katika utunzi mmoja. Baadaye alitunga pia wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Mtu akitazama mpangilio wa maonyesho hayo, wimbo kisha kichekesho kisha ngoma, anaona kipindi cha televisheni kilichokosa kamera tu.

Kamera ilipowashwa ilikuwa Kinshasa, mwaka mmoja baada ya Mobutu kushika madaraka, katika mwaka uleule ambao Élisabethville ilipewa jina la Lubumbashi. Kila Mkongo wa umri fulani anakumbuka taarifa ya habari iliyoanza kwa uso wa rais ukishuka kutoka mawinguni. Chombo kilichokuwa na uso mmoja mkuu namna hiyo hakikuwa na haraka ya kuonyesha nyuso za jimbo lililowahi kujitenga. Muziki uliokisindikiza uliimbwa zaidi kwa Kilingala, na Mwenda, aliyepoteza “Jean Bosco” kwa amri ya authenticité ya mwaka 1972 iliyokataza majina ya Kikristo, alikuwa na jina lililokidhi sera bila muziki uliokidhi ladha ya mji mkuu.

Wapo watakaopinga: rumba ya gita la umeme ilikwisha kushinda kabla ya 1966. Bendi ya rumba ya OK Jazz ilianza 1956 bila msaada wa televisheni yoyote. Ni kweli, na hoja yangu haidai kwamba kamera ilimuua mpiga gita la mbao. Rumba ilishinda sokoni. Televisheni iliufanya ushindi huo uonekane kuwa ndiyo historia yote ya nchi. John Low alipochapisha “Shaba Diary” mwaka 1982, aliwaandika Mwenda, Masengo na Losta Abelo kama watu walio hai, wenye magita mikononi, katika mji ambao mitindo yao haikuwa imezikwa.

Tena televisheni ya Lubumbashi haikukataa Kiswahili. Ilikipa nafasi, lakini kwa wachekeshaji. Kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha 1990, liliigiza kwa Kiswahili cha mjini na kujulikana kwa sura, sio kwa sauti pekee. Urithi wa jukwaa la akina Jecoke ulikatwa vipande viwili: kichekesho kilipata kioo, gita likabaki na redio na baa. Mgawanyo huo haukutokana na sanaa zenyewe. Mzaha wa mtaani ulionekana ni mambo ya jimbo, hauna hatari. Muziki ulikuwa bendera ya taifa, na bendera ilishonwa Kinshasa.

Ndiyo maana ramani ya maisha ya Mwenda inaelekea kusini na ng'ambo zaidi kuliko magharibi. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1988 alirekodi albamu ya studio Cape Town, na Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Santuri za kwanza zilitoka Johannesburg, za mwisho zikarekodiwa Cape Town, na reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 ilitoka upande huohuo. Anayeandika historia ya televisheni na muziki wa Kongo akianzia kwenye studio za Kinshasa hatakutana na Mwenda. Akianzia kwenye njia ya shaba, atamkuta mapema, miaka 14 kabla ya kamera.